Mita Mia Tatu Kusini

Miaka mitatu mfululizo Nyanjige alilia mahali si pake, masikini, na hakuna aliyemwambia.

Kila Julai, pamba ikishavunwa, alifunga cherehani yake pale sokoni Bariadi, akapanda bodaboda hadi Mwamapalala, akaingia kwenye ngitili ya Ndalahwa, yale majani yanayotunzwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Alipiga magoti pale simu ilipomwelekeza. Hapakuwa na jiwe wala tuta. Alilia mpaka akachoka, akafagia, akarudi mjini. Ndalahwa alikuwa akimwona kwa mbali, na siku moja alimuuliza mkewe kama yule mama ni mzima kweli.

Alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anamtafuta mama yake tu.

Kwandu alifariki Nyanjige akiwa na miaka minne. Walimficha mtoto wakati wa mazishi, na mwaka uleule baba yake, Mboje, akaswaga ng'ombe wote kuelekea Rukwa. Lakini Mboje alikuwa amewahi kuwabebea wapima ramani vigingi. Kabla ya kuhama alimsihi mmoja wao amwandikie lilipo kaburi, na yule bwana akamwandikia namba mbili ndefu za ramani nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mboje alimkabidhi binti yake kadi ile akiwa kitandani, siku zake zimekwisha. Alimwambia miji inahama na miti inakatwa, ila namba hazihami. Namba hizo ndizo Nyanjige alizoziingiza kwenye simu.

Mungu amrehemu, hapo mzee alikosea.

Mwaka huu Violeth, binti mpima ardhi, alileta sketi ipunguzwe, akaiona kadi imebandikwa ukutani, upande wa namba ukiwa nje. Aliitazama sana. Akauliza ni ya lini. Nyanjige alipotaja mwaka, binti akakaa kwenye kigoda, akaeleza polepole kwamba dunia si duara kamili, imebonyea huku na kule. Ili waichore, watu huchagua kwanza umbo la kuipimia. Ramani za zamani za huku zilitumia umbo moja, simu za leo zinatumia jingine. Tena hata ukishachagua, kulaza kitu cha mviringo kwenye karatasi ni sawa na kuvalisha kibuyu kitenge: lazima pakunjike mahali. Nyanjige alitikisa kichwa. Vibuyu havikumwingia.

"Mama, wewe ukipima gauni kuanzia begani," Violeth akasema, "na mwenzio akaanzia kiunoni, wote mkaandika arobaini. Pindo litaangukia mahali pamoja?"

Fundi aliutazama utepe wake wa kupimia. Hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Aliuliza kwa sauti ndogo, kaburi liko mbali kiasi gani na pale alipokuwa akilia.

"Mita mia tatu hivi, kusini. Na kidogo mashariki."

Kuuliza si ujinga, lakini nani angejua kwamba simu nayo ni ya kuulizwa? Usiku ule Nyanjige aliona aibu, akaona na wivu, naam, wivu wa yale majani yaliyokunywa machozi aliyomlilia mama yake.

Jumamosi asubuhi walikwenda wote wawili. Chombo cha kupimia cha Violeth kiliwatoa kwenye ngitili, kikawapitisha kwenye shamba la pamba la Ndalahwa, mzee mwenyewe akiwafuata nyuma. Kikawasimamisha kwenye kipande cha majani, upana wa mkeka, katikati ya matuta. Matuta yote yalikuwa yamenyooka, ila hapo yalipinda, yakazunguka, yakaendelea.

Violeth alimgeukia mzee, akamuuliza kwa nini hapa hapalimwi.

"Baba aliniachia neno," Ndalahwa akasema. "Jembe lisipite hapa. Hakuniambia amelala nani. Nami ng'ombe wangu wa kulima nawazungusha tu, mwaka wa arobaini sasa." Kisha akavua kofia. "Ni nani, mayu?"

"Mama yangu. Anaitwa Kwandu."

Nyanjige alipiga magoti. Kule kwenye ngitili machozi yalikuwa yakija yenyewe, hapa yakagoma. Alikuwa na maneno ya miaka hamsini, na hata moja halikutoka. Likabaki lile la Kisukuma ambalo kila mtoto humwamkia mama yake, mayu wake, asubuhi.

"Mwangaluka, mayu."

Salamu hiyo hujibiwa kwa neno lilelile, na mtu haondoki bila kujibiwa. Nyanjige aliinamisha kichwa, akangoja kama mtoto wa miaka minne.

Ndipo Ndalahwa, aliyemtunza marehemu miaka yote hiyo bila kujua jina lake, akamjibia.

"Mwangaluka, mwanangu."

Hapo Nyanjige akalia.