Nembo Yenye Uzi Mweusi

Ubishi wote wa mpira ulifanyikia kibarazani kwangu kwa sababu mbili: nina benchi refu, na mimi mwenyewe mdomo ninao. Mimi ni fundi cherehani. Tangu mdhamini wa ughaibuni atangaze kwamba klabu yetu, Nyundo, itabadilishwa jina, rangi na nembo, sikushona hata shati moja bila kelele masikioni.

"Watatuwekea paa uwanjani," alisema mwalimu. "Wachezaji watapata daktari wao. Nyinyi mnalilia kipande cha kitambaa?"

"Paa la nini kama chini yake wenyewe hatumo?" alimaka kinyozi. "Baba yangu alizikwa na bendera ya Nyundo. Nikamfukue nimwambie amekosea nguo?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilikuwa upande wa kinyozi na sikuficha. Marehemu mume wangu, ambaye uwanja mzima ulimwita Kipaza, ndiye aliyeanzisha nyimbo za Nyundo jukwaani kwa miaka kumi na miwili. Hatukujaliwa mtoto. Aliniachia vitu viwili tu: mama yake, ninayeishi naye, na jezi yake.

Kisha likaja tangazo: peleka jezi ya zamani kwa fundi, ubadilishiwe nembo bure. Fundi aliyeteuliwa ni mimi. Nilinuna, nikakubali, kazi ni kazi. Nembo mpya zilikuja ndani ya sanduku: ndege mweupe asiye na macho, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akiruka. Nafumua nembo ya zamani, ile nyundo, naitupia kwenye mkebe wa biskuti, nashona ndege palepale, juu ya moyo.

Mwalimu alikuwa wa kwanza. Kesho yake nikamchokoza. "Mwalimu, lile bao la fainali, lililokuliza mpaka ukazimia, nani alifunga?"

"Fainali gani? Klabu si imeanza mwaka huu?"

Nilidhani ananitania. Lakini alinitazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri umalize kukohoa.

Kinyozi alishikilia wiki mbili. Mwisho akaja na jezi kwapani, amechoka kubishana peke yake. Nilimsihi asubiri. "Fundi, shona tu, yaishe," akasema. Siku ya pili nikamuuliza habari za bendera ya baba yake.

"Baba alizikwa na suti. Bendera ya nini tena?"

Nilimvua jezi ile hapohapo, nikamfumua ndege, nikarudisha nyundo. Akaivaa, akajitazama kifuani. "Sasa hii nyundo," akaniuliza, "ni ya mafundi seremala?"

Kibaraza kikapoa. Watu walikuja, wakakaa kwenye benchi langu, wakasifu paa kwa sauti ileile moja. Hakuna aliyebisha, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikimtaja Kipaza, wananiuliza ni duka la redio lililoko wapi.

Nyumbani tu ndiko alikobaki. Kila tukila, mama mkwe alimtaja, nami nikamwongezea, tukacheka, tukalia kidogo, tukaosha vyombo. Hofu yangu yote ilikuwa hapo. Mama akimsahau, nitabaki kumkumbuka peke yangu, na mimi si wa milele.

Alasiri moja mama akaweka jezi ya Kipaza juu ya cherehani yangu.

"Mkwe wangu, na mimi nibadilishie. Jumamosi nakwenda uwanjani. Bila ile nembo mpya hawaniingizi, na mimi nataka kusimama pale alipokuwa akisimama mwanangu."

Nikakataa. Nikamweleza ya mwalimu, nikamweleza ya kinyozi. Akakunja uso.

"Nitamsahauje mtoto niliyemzaa? Shona."

Ningefanyaje? Nikabuni hila ya kifundi: nitaiacha nyundo mahali pake, nimshone ndege juu yake. Nembo ile Kipaza aliishona mwenyewe enzi za uchumba wetu, kwa uzi mweusi kwenye jezi nyekundu, mshono umepinda ovyo, na hakutaka niuguse. Nikaitandika jezi. Mama akakaa kwenye benchi akasimulia jinsi Kipaza alivyokuwa akiimba bafuni utotoni mpaka majirani wakagonga ukuta. Nami nikawa nacheka na kushona, nikijua kwamba simulizi hizo ndizo ninazozilinda. Nilipomaliza nikakata uzi kwa meno.

Akaivaa. Akasimama mbele ya kioo, akampapasa ndege.

"Asante, fundi," akasema. "Una mkono mzuri. Umeolewa?"

Nikageukia mkebe. Juu kabisa palilala nyundo, nyuzi nyeusi zimening'inia pembeni. Mikono yangu, iliyofumua nembo moja baada ya nyingine mwezi mzima, ilikuwa imeifumua na hii, mimi nikiwa nacheka.

"Nilikuwa nimeolewa, mama," nikasema huku machozi yakinitoka. "Mume wangu alifariki."

"Maskini! Pole sana." Akanishika bega kwa huruma ya kweli kabisa. "Na mama yake je, anaendeleaje?"