Vifungo Huanzia Kwenye Kola

Padri akianza kuhubiri habari za mdogo wangu Constance, mimi natoka nje ya kanisa. Wanasema nina kiburi. Waseme. Padri anamfanya Constance mwanamke mpole aliyekwenda kufa macho yakiangalia mbinguni. Mpole nani? Constance? Aliyempiga mteja kwa kiatu sokoni kwa sababu kasema koti limechakaa? Mimi nililala naye mkeka mmoja tangu utoto, nilimpigia kelele maisha yangu yote, na siku ile nilikuwa nimesimama karibu naye. Nisikilizeni mimi, halafu mrudi kwa padri wenu.

Sisi tuliuza mitumba katika soko la Baraka, mji wetu. Wajane wawili, nyumba moja, meza moja. Wenzetu waliuza kaptula za watoto na magauni mepesi, nguo zinazotoka haraka kwa watu wa kando ya ziwa. Sisi tuliuza makoti ya baridi. Ndiyo, makoti, tena Baraka, mahali ambapo jasho linakushuka mgongoni saa nne ya asubuhi na bado hujainua hata sufuria. Walitucheka sana mwanzoni. Lakini wazungu baridi yao ikiisha wanayatupa makoti, nayo yanaingia kwenye marobota pamoja na mengine, na juu kule milimani, upande wa Minembwe, kuna baridi ya kumtoa mtu mzima machozi. Kiangazi kikianza tu, mama wa milimani walishuka na siagi na jibini, wakauza, kisha wakaja moja kwa moja kwenye meza yetu. Kwa mama wa kule koti si la baridi peke yake. Ni la kanisa, la harusi, la matanga, la kwenda kuposa mke wa mwanao.

Na hapo ndipo Constance alipokuwa bingwa. "Mama mwenye kupita miaka makumi ine," alikuwa akiwaambia, "havale koti ya kuishia ku kiuno. Kiuno yake imeshatumika ya kutosha, aifunike ipumzike!" Wanacheka. Rangi za kupiga kelele aliwaachia wasichana. Kahawia aliichukia, alisema ni rangi ya mtu aliyekata tamaa na ndoa. Halafu hakuridhika na maneno, lazima alivae mwenyewe. Analitikisa koti mara moja, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mabega yanakaa mahali pake. Vifungo anaanzia kwenye kola, anashuka hadi chini bila kuangalia. Anainua kola, anatia mkono mmoja mfukoni, anageuka. Jasho linamwagika kama amepigwa na mvua, lakini anageuka! Na koti linauzwa.

Aliyemfundisha namna ile alikuwa Mukandori, ambaye sisi tulimwita Mama Shema, mteja wetu wa kwanza kabisa kutoka milimani. Mwaka wa kwanza Constance alianza kufunga vifungo kutoka chini, akafika juu kimebaki kimoja hakina tundu. Mukandori alicheka hadi akakaa chini. "Haiko gisi hiyo, mama. Unaanzia ku kola. Kola ikikaa, yote inakaa." Tangu siku ile wakawa marafiki wa kugombana.

Mwaka wa vita ya pili walilogombania lilikuwa koti la rangi ya divai. Refu, zito, limeshonwa kola ya manyoya meusi, na ndani kitambaa cha kuteleza. Sijaona koti zuri kama lile. Mukandori alishuka mwezi wa saba, akalishika.

"Hii yangu."

"Hii haiuzishwe," akasema Constance.

"Utaivalia wapi weye? Ku ziwa, na samaki ya ndagala?"

"Nitaivala ku Noeli."

"Ku Noeli! Utachemka sawa muhogo!"

Wakanuniana. Mukandori alikuwa amefikia kwetu kama kila mwaka, analala chumba cha nyuma, na bado wakanuniana kama watoto. Asubuhi mimi ndiye niliyebeba salamu kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, nyumba yenyewe ina vyumba viwili!

Basi kabla hawajapatana vita ikaanza. Njia za milimani zikafungwa. Vijana wenye silaha wakajaa mjini, wengi wao si wa Baraka, hatukuwajua hata kwa sura. Wakaanza kuwasaka watu wa milimani nyumba kwa nyumba, wakisema ndio walioleta vita. Watu tuliokula nao wakatolewa nje, wengine tukawaona barabarani baadaye, na hakuna aliyethubutu kuwafunika. Mukandori alikuwa chumba cha nyuma, amekaa juu ya robota.

"Yaya, huyu muntu atafanya batuuwe," Constance akaninong'oneza mimi mkubwa wake.

"Basi ingia umufukuze weye mwenyewe."

Akaingia. Akakaa kidogo, akatoka, akaanza kupuliza moto. "Anakula kwanza," akasema. Hakulitaja tena jambo la kumfukuza.

Mungu alimpa Mukandori umbo la kumsitiri. Mfupi, mweusi, uso wa duara, na Kibembe, lugha yetu, anakisema kuliko wajukuu zetu. Waliosaka watu kwa umbo la pua au kwa lugha wasingemjua. Tukasema, tukimfunga vitenge viwili kiunoni kama sisi, tukimtia kilemba, atapanda mashua ya jirani yetu Bonaventure pamoja na wakimbizi wengine, avuke hadi Kigoma. Nasi tuvuke naye, maana hata wa Baraka walikuwa wanakimbia. Hilo tu ndilo tulilolitaka, avuke.

Ndipo shemeji yetu Eugène, aliyeuza samaki kwa baiskeli, akarudi kutoka Mboko, midomo imemkauka. Alisema kwenye barière ya kule, kizuizi cha barabarani, wale vijana wana rundo la makoti waliyowanyang'anya wachuuzi. Kila mama wa makamo anayepita anapewa koti, avae mbele yao. "Mama wa ku ziwa anaivala sawa gunia," alisema. "Mama wa ku mulima anaivala sawa yake. Mwenye kuivala muzuri banamupeleka pembeni." Na walikuwa wamesikia kwamba mama mmoja wa milimani, mnunuzi wa makoti, amebaki Baraka.

Hebu fikiria akili ya mtu aliyevumbua jambo kama lile! Nililia kwa hasira. Constance hakulia. Alichukua koti moja, akaingia chumba cha nyuma, akamrushia Mukandori.

"Vala. Kosea."

Mukandori akajaribu. Mkono wa kushoto kwanza, akachelewesha kidogo kifungo.

"Hapana! Unakosea na heshima. Kosea sawa mujinga!"

"Nakosea gisi gani zaidi?"

"Angalia ile mukono sawa hauyue inaingiaka wapi. Kola, ikunjamie mule ndani. Kifungo, tia ku tundu haiko yake. Tena, mama, acha kusimama wima! Koti inakushinda, inakulemea, inakunukia!"

Mchana kutwa wakafanya hivyo, madirisha yamefungwa, joto la kuoka mkate. Mukandori mikono yake ilizoea kola tangu usichana, kila mara ilitaka kwenda yenyewe, na Constance anaipiga kofi. Kuna wakati walicheka, viganja mdomoni, hadi machozi. Kununiana kulikwisha hapo. Kufikia jioni Mukandori alikuwa analivaa koti vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Kesho yake saa sita tulikuwa ufukweni. Jua kali. Watu wengi, mafurushi, kuku, watoto wanalia. Bonaventure alikuwa anapakia. Tukadhani tumepona, hadi tulipoona vijana wanashuka kutoka upande wa soko, wamebeba makoti mabegani. Makoti yetu. Walikuwa wamevunja stoo yetu ya sokoni.

"Bamama bazima, laini moja! Basichana, pandeni."

Wakatupanga mchangani. Mukandori alikuwa mbele, mimi nyuma yake, Constance nyuma yangu. Kijana mmoja mwembamba, hajaota hata ndevu, ndiye aliyegawa makoti. Akampa Mukandori la kijivu. Nikaangalia visigino vyake, nilishindwa kuangalia kitu kingine. Nikasikia watu wanacheka. Nilipoinua macho, mkono wake umekwama kwenye bitana, kola imekunjamana shingoni, kifungo cha pili kimeingia tundu la nne. "Ondoka, mama, pumbavu," kijana akasema. Mukandori akaenda, akapanda mashua, akakaa kati ya magunia, na mama mmoja asiyemjua akamwekea mtoto mapajani.

Mimi nilivaa la kwangu kama mwehu, wala sikuhitaji kuigiza. "Ondoka." Nikasogea pembeni, nikageuka kumngoja Constance. Alikuwa anatabasamu kidogo. Alimwona Mukandori mashuani, akaniona mimi nimepita. Roho yake ilikuwa imetua, na hapo ndipo kijana alipomkabidhi lile koti la rangi ya divai.

Yesu wangu. Akalipokea. Akalitikisa mara moja. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mabega yakakaa. Vifungo akaanzia kwenye kola, akashuka hadi chini bila kuangalia. Akainua yale manyoya meusi, akatia mkono mfukoni. Naapa alikuwa karibu kugeuka, auze. Ndipo akauona uso wangu, na mkono ukabaki mfukoni.

Hakuna aliyecheka.

"Ni huyu," akasema kijana.

"Ni mudogo yangu!" Nikapiga kelele. "Mubembe! Tumezaliwa hapa! Tunauzisha ku soko, muulize muntu yeyote!" Bamama wengine nao wakapiga kelele, ni wa hapa, ni muuzaji. Constance mwenyewe akawatukana kwa Kibembe, matusi ya bibi yetu, yale mazito. Kijana akasema hata Kibembe watu wa milimani wanajifunza siku hizi. Nikamrukia, nikapigwa kitako cha bunduki kifuani, nikaanguka mchangani.

Akaja mwingine, mtu mzima kidogo, sauti yake ya taratibu. Akamwambia Constance, "Mama, kama haiko weye, ni nani? Tunayua iko hapa. Onyesha tu, na weye uende."

Mashua ilikuwa pale pale, maji ya magotini. Alikuwa na haja ya kugeuza shingo tu. Nami nilikuwa chini, nakiri kwenu bila haya, nilimwomba Mungu ageuze. Nilimpenda Mukandori, lakini Constance alikuwa mdogo wangu.

Hakugeuza.

"Mi ndiyo muuzaji wa makoti ya Baraka," akasema. "Benye kununua bote balishapanda mulima. Hapa hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna. Weye uko kiziwi?"

Wakampeleka nyuma ya vichanja vya ndagala. Padri anasema aliangalia mbinguni. Uongo! Aliangalia chini, amelishika pindo la koti kwa mkono asilichafue kwa magamba ya samaki, maana lilikuwa refu na alilipenda. Nilimwona hadi kola ile nyeusi ilipopotea. Kisha tukasikia milio miwili. Bonaventure na mwenzake wakanibeba wakanitupa mashuani, Mukandori akaniziba mdomo kwa kiganja ili kwa uchungu nisije nikalitaja jina lake mwenyewe, akaniziba hivyo hivyo hadi ufuko ukawa mbali.

Basi muelewe. Koti alilivaa kwa mazoea. Hakujitoa sadaka, alikosea, kama fundi anayepiga nyundo huku mawazo yako kwingine, na kosa hilo linaniuma hadi leo, namgombeza kwa ajili yake usiku na mchana. Lakini lile jibu alilitoa kwa akili yake yote, mwanamke yule yule mkali, mwenye matusi, aliyemnyima rafiki yake koti. Mkitaka kuhubiri, hubirini hilo.

Sisi wa Baraka tulirudi vita ilipopoa. Mimi na Mukandori tuliachana Kigoma, sikujua kama yu hai. Nikarudia meza, nikauza kaptula za watoto kama watu wengine. Makoti yakitokea kwenye robota niliyaweka chini ya meza, siyaonyeshi.

Kiangazi kimoja mama wa milimani wakaanza kushuka tena, wachache, wanatembea wamebanana. Mmoja wao akasimama mbele ya meza yangu. Nywele zimekuwa nyeupe.

"Adolphine," akasema Mukandori. "Makoti iko?"

Hatukukumbatiana, hakuna aliyeweza. Niliinama nikatoa lililo zuri kuliko yote, la kijani kizito, refu. Akalipokea. Akaingiza mkono wa kushoto, ukakwama kwenye bitana. Kola ikakunjamana ndani. Kifungo cha pili kikaingia tundu la nne. Nilidhani ananikumbusha kwa makusudi, nikakasirika.

"Mama Shema, vita ilikwisha. Vala muzuri."

"Mikono inakatala," akasema. "Tangu siku ile inakatala. Ku nyumba muke wa Shema ndiyo ananivalishaka." Alisimama hivyo katikati ya soko, koti limemkaa upande, analia bila sauti.

Nikazunguka meza. Nikamfungua vile vifungo vya ovyo, nikamtoa mkono kwenye bitana, nikayaweka mabega mahali pake. Kisha nikamfunga upya, nikianzia kwenye kola.