Goti la Cheche

Mama yake alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo, hakuna aliyemuuliza msichana yule anataka kukaa wapi. Shangazi alifika asubuhi, akanywa chai, akasema, "Mtoto wa marehemu kaka yangu hawezi kulelewa na majirani nami ningali hai." Kufikia jioni, begi la msichana lilikuwa chini ya kitanda cha binamu yake.

Jina la Mlingoti alilipata kwenye shule mpya, siku ya kwanza ya mazoezi ya mpira wa kikapu. Alipewa na msichana mmoja mnene mwenye mdomo usiojua kufungwa, aliyeitwa Kibonge.

"Huyu si mchezaji, ni mlingoti. Tumtundikieni bendera!"

Timu nzima ikacheka. Naye akacheka, maana mgeni asipocheka husemwa ana kinyongo.

Kocha wa timu alikuwa shangazi yuleyule. Nahodha alikuwa binti wa shangazi, waliyemwita Cheche kwa wepesi wake. Cheche ndiye aliyepandisha mpira na kuamua nani akimbilie wapi, na hiyo hasa ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Mlingoti kule alikotoka. Pamoja na urefu wake wote, alijua kudundisha mpira bila kuutazama, macho yake yakiwa mbele yakitafuta mlango kati ya mabega ya watu. Shangazi hakutaka kusikia.

"Wewe kaa chini ya ringi. Daka mpira, mpe Cheche. Basi."

"Lakini Shangazi, mimi kule nilikuwa—"

"Hapa mimi ni Kocha. Shangazi yuko nyumbani."

Tatizo ni kwamba hata nyumbani Shangazi alikuwa Kocha. Mezani alisogeza kikopo cha chumvi na glasi kuonyesha nani alipaswa kusimama wapi, na Mlingoti akaitikia ndiyo huku tonge likiwa shavuni. Angefanya nini? Chakula kilikuwa chao, shuka zilikuwa zao. Kuhama tena msimu uleule, kanuni za mashindano zilikataza. Na hata zingeruhusu, angehamia wapi? Nyumba yao ya zamani ilikwisha kupata wapangaji.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Akiingia tu, mazungumzo yanakatika kama redio iliyochomolewa.

"Masikio ya Kocha hayo," Kibonge alinong'ona, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika hadi nje. Cheche walimzoea tangu udogoni, walijua habebi maneno. Huyu mwingine nani alimjua?

Jioni moja baada ya mazoezi, Mlingoti aliingia chumbani bila kubisha, kwani ni chumba chake pia, akamkuta Cheche amekaa sakafuni, barafu imeviringishwa kwenye taulo, goti limevimba kama andazi.

"Funga mlango!"

Akaufunga. "Limeanza lini?"

"Kabla hujaja."

"Shangazi anajua?"

"Akijua ataniweka benchi. Na unajua nani ataingia mahali pangu." Cheche akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu wakae pamoja. "Kwa hiyo nenda, kamwambie. Kila mtu atajua kwa nini umesema."

Mlingoti akasimama pale, mgongo wake mlangoni. Akisema, ni mwizi wa nafasi. Akinyamaza, goti lile litakatika siku moja mbele ya macho yake. Alikuwa kama aliyemeza mfupa: kushuka haushuki, kutoka hautoki. Mwishowe akachuchumaa, akachukua bendeji, akaifunga vizuri kama alivyowahi kumwona mama yake akifanya. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Alichota barafu jikoni kwa siri, alifunga bendeji asubuhi, kisha akamvutia binamu yake soksi ndefu juu ya bendeji hiyo. Na kadiri alivyoifunga, ndivyo alivyojifunga mwenyewe.

Mechi ya nusu fainali ikafika. Wapinzani walikuwa wasichana wenye mbio, wa kukimbiza mtu hadi asahau jina lake. Kipindi cha pili Cheche alianza kutua kwa mguu mmoja. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyejua pa kutazama, isipokuwa mmoja.

Mpira ukagonga ringi, Mlingoti akaudaka.

"Nipe!" Cheche alipiga kelele, amesimama kama kuku aliyenyeshewa, mguu mmoja umeinuliwa kidogo.

Mlingoti hakumpa. Akaudundisha mwenyewe, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akafunga. Watazamaji wakalipuka. Ilikuwa raha aliyokuwa hajaionja tangu atoke kwao, na papo hapo akaona aibu kwa kuionja. Mpira uliofuata akafanya vilevile, na huu wa pili, akijiambia ukweli, hakujua tena kama alikuwa akiliokoa goti la Cheche au akijipa haki yake.

Kocha akamtoa.

"Kiburi gani hiki? Nimekuleta hapa uje kumpindua mwanangu?"

"Hapana, Kocha."

"Kaa chini."

Akakaa. Uwanjani Cheche alikuwa akiukimbilia mpira uliokuwa ukitoka, akaruka, akatua vibaya, akainuka huku akitabasamu. Mlingoti alilijua tabasamu lile. Ndilo alilolivaa kila asubuhi bendeji ilipokazwa.

"Shangazi," alisema.

"Nimekwambia hapa mimi ni Kocha!"

"Simwiti Kocha, namwita Shangazi. Goti la mwanao limekwisha. Mtoe."

Yule mama akageuka, akamtazama binti yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama akiwa uwanjani. Kisha akaomba mchezo usimame. Soksi iliposhushwa, wachezaji wote wakainamia bendeji ile.

"Nani amekufunga hii?"

Cheche akainamisha uso.

"Mimi," Mlingoti akasema.

Cheche akainua uso, machozi yamemlenga. "Umefurahi sasa?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kibonge akatia neno, na safari hii hakunong'ona.

Mlingoti akaingizwa kupandisha mpira. Mahali alipopaota tangu siku ya kwanza akapewa mbele ya watu waliomtazama kama aliyevua maiti viatu. Pasi zilimjia kwa shingo upande, nyingine zikimpiga kifuani kama mawe. Alicheza. Hakuwa na lingine. Walishinda kwa upenyo wa sindano, wenzake wakakumbatiana kwa duara, na duara lile halikuwa na pengo la kuingilia.

Daktari alisema kano ya goti imechanika nusu. Kuruka vibaya mara moja zaidi, ingekatika yote. Msimu wa Cheche umekwisha, lakini mguu utapona. Walipokuwa garini wakirudi nyumbani, Mlingoti alingoja neno. Shangazi alilitoa wakifika getini.

"Ungeniambia mapema."

Hilo tu. Kwa binti kosa lake lilikuwa kusema, kwa mama lilikuwa kuchelewa kusema.

Siku kadhaa binamu wawili waliishi chumba kimoja bila salamu. Kisha asubuhi moja, Shangazi ametangulia shuleni, Cheche alisimama juu ya ngazi za mlangoni na magongo yake, akaziangalia ngazi, zilizokuwa zimelowa mvua. Akasubiri. Mlingoti naye, begi mgongoni, akasubiri.

"Lete bega," Cheche akasema mwishowe.

Wakashuka polepole, mmoja mrefu ameinama, mwingine mfupi ameegemea.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"Na Kibonge anakuchukia."

"Najua."

Wakafika chini. Cheche hakuuondoa mkono wake begani mara moja. Alikuwa akitafuta mizani ya magongo.

"Kwenye fainali watakubana upande wa kulia," alisema, akitazama barabara. "Wanajua huo ndio mkono wako. Kibonge hukimbilia kushoto kila mara, hata asipoitwa. Mpe mpira. Atanuna, lakini atafunga."

Akatangulia, magongo yakigonga lami. Mlingoti akapunguza hatua zake ndefu, akamfuata.