Povu Makaburini

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulimwita Chiriku kwa sababu ya koo lake. Akili yake hatukuitafutia jina. Katika bendi yetu mimi nilipiga gitaa, yeye aliimba, na maisha yake yote alitunga wimbo mmoja tu wa maana: ule aliomwimbia mama yake siku ya maziko. Siku hiyo baba mkwe alituambia, "Nami nikienda, nisindikizeni na huohuo. Mwingine sitaki."

Kisha akaja Meneja wa Sabuni. Viatu vinang'aa, meno yanang'aa, ndani giza totoro. Alitukuta mazoezini, akakalia spika bila kukaribishwa.

"Wimbo wa mama una hisia," akasema. "Tunautia mdundo kidogo, halafu unataja sabuni yetu, Povu Tele. Basi."

"Kwani wewe mama yako hafi, utumie wa kwako?" nikamuuliza.

"Shemeji, usinizibie riziki," Chiriku akadakia. "Muziki wa moyoni haujazi sufuria."

"Basi uza figo. Unazo mbili. Wimbo unao mmoja."

Akacheka. Akauza.

Nchi nzima ikaulewa. Saluni, sokoni, kwenye foleni ya hospitali: "Mama umekwenda, nani atanifuta machozi? Povu Tele!" Na watu wakaitikia, "Doa kwishaaa!" Waziri alimpa Chiriku tuzo ya wimbo bora wa taifa, akamsifu kwa kulinda utamaduni. Utamaduni wa kufua, nadhani.

Baba mkwe aliusikia redioni, akaizima. Akaniuliza taratibu, "Siku yangu ataimba ule wa zamani. Bado anaukumbuka, sivyo?"

"Anaukumbuka, baba."

Mzee akafariki. Meneja naye alihudhuria, na shada lenye utepe wa rangi za sabuni, asiyejua haya hata ukimwonyesha. Chiriku akasimama kando ya kaburi, akaanza bila ala. Nisimnyime haki yake: aliimba mpaka vinyweleo vikanisimama.

"Baba umekwenda, nani atanifuta machozi?"

Akavuta pumzi.

"Povu Tele!"

Lilimtoka lenyewe, kama chafya. Na shangazi zake, mashavu yamelowa, pamoja na wachimba kaburi na majirani, wakaitikia kwa sauti moja, "Doa kwishaaa!"

Meneja akanisogelea sikioni. "Umeona wimbo ulivyoshika?"

"Umeshika," nikamjibu. "Kama upele."

Chiriku alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Dada yake, mke wangu, akamwendea, akaviondoa kimoja kimoja.

"Imba, kaka. Usimwache baba na povu masikioni."

Akaanza upya, polepole, kwa sauti ileile ya siku ya mama. Akafika palepale kwenye machozi, akanyamaza, akatutazama. Umati mzima ulikuwa umeshavuta pumzi, unamsubiri.

Hakuendelea. Mke wangu akachukua koleo, akaanza kufukia.