Dorcas Harudi kwa Haverly

Mtunzaji wa cheti cha ndoa cha Dorcas na Ishmael Bellamy ni mimi, Ozella, na sijawahi kumwomba mtu ruhusa juu yake. Nilikirithi kwa mama, mama kwa mama yake, hivyo hivyo hadi kwa Dorcas mwenyewe, aliyekabidhiwa na afisa wa serikali mwaka 1866, watu wetu walipokuwa ndiyo kwanza wameachiwa huru kutoka utumwani. Kila Julai ukoo ukikutana uani kwangu, hapa Carolina Kusini, cheti hupita mkono kwa mkono, kuanzia mkongwe hadi mtoto wa kunyonya, na kila anayekishika hutaja jina lake, au hutajiwa kama bado hajui kusema. Hiyo ndiyo mila yetu, na ndiyo iliyokimaliza.

Kilianza kuchanika kwenye mkunjo. Kaka yangu Rufus, kwa kiherehere chake, akakibandika selotepu bila kuniuliza. Selotepu ikageuka manjano, ikaanza kula wino. Nilipoona jina la Ishmael linafifia nilimnunia Rufus tangu Pasaka hadi shule zinafungwa.

"Nilikuwa nakiokoa, dada," akajitetea.

"Ulikiokoa kama paka anavyookoa samaki."

Basi nikapiga simu hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu. Mkuu wake, Bi Marjorie Aldrich, Mzungu wa makamo, akaja mwenyewe siku ya mkutano wa ukoo. Nilimpenda, nisiseme uongo. Alikula wali mwekundu na kaa, akaongeza bila kubembelezwa. Kisha akanawa mikono, akaikausha vizuri, akakiinamia cheti kwa muda mrefu. Akasema selotepu itatoka taratibu kwa mikono ya fundi, lakini kikibaki kwangu miaka michache tu, jina la Ishmael halitasomeka tena.

"Kichukue," nikamwambia. "Lete hiyo fomu nitie sahihi."

Nikavaa miwani, maana mimi sitii sahihi kitu nisichokisoma. Fomu ilisema cheti kitawekwa ndani ya Karatasi za Familia ya Haverly. Haverly ndio waliommiliki Dorcas. Nikaiweka kalamu mezani.

"Bi Marjorie, hawa wamefikaje hapa?"

Akanieleza kwa upole. Karatasi za shamba la Haverly zimekaa kwao miaka na miaka, masanduku kwa masanduku. Mtafiti anayetafuta habari za watu wa shamba lile huanzia humo. Ndivyo walivyopanga waliomtangulia, na kila kitu cha shamba lile huingizwa humo.

"Kwa hiyo mtu akitaka kumwamkia bibi yangu, sharti apige hodi kwa bwana wake kwanza?"



Rufus akaninong'oneza, "Dada, tia sahihi. Ni jina la sanduku tu. Karatasi inaoza."

"Inaoza kwa mkono wa nani?"

Akarudi kwenye chai yake ya baridi. Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilinichoma. Nikikataa, cheti kinafia mikononi mwetu. Watu wote uani walikuwa wameacha kula, wananitazama mimi.

Nikakisogeza cheti mbele ya mgeni. "Soma hapo kwenye jina la ukoo. Kwa sauti, wasikie na walio nyuma."

"Haverly," akasoma. "Limekatwa. Juu yake pameandikwa Bellamy."

"Afisa hakumuuliza. Alijiandikia tu, maana watu wa shamba lile wote waliitwa hivyo. Dorcas hakujua kusoma, lakini alimwambia amsomee alichoandika. Aliposikia Haverly akamwambia futa. Bellamy alilitoa wapi, hakuna ajuaye. Alisimama mbele ya mtu mwenye bastola kiunoni, akasema kwa Haverly sirudi. Leo mimi, mjukuu wake, nimrudishe kwa sahihi yangu? Afadhali aozee hapa, kwao."

Bi Marjorie alivua miwani, akaivaa tena. "Mpanga orodha wangu kule hifadhini atanilaumu," akasema.

"Mlete hapa, nitamlisha."

Akacheka. Akachukua kalamu yangu, akalikata jina la Haverly kwenye fomu, akaandika juu yake Karatasi za Familia ya Bellamy. Akasema sanduku litakuwa letu peke yetu, na Julai yoyote tutakayotaka tutafunguliwa chumba cha kusomea, ukoo mzima, na watoto wetu. Nikamwambia aliandike na hilo. Akaandika. Ndipo nikatia sahihi.

Alipokilaza cheti kwenye jalada lake na kukipeleka kwenye gari, nililia, tena kwa sauti, mbele ya wajukuu. Rufus akainuka haraka.

"Dada, bado hajaondoka. Nimzuie?"

"Keti wewe," nikamwambia. "Bibi harusi husindikizwa kwa machozi, lakini hazuiwi mlangoni."