Robo Tatu ya Theluthi

Rangi iliisha katikati ya ukuta wa sebule, mahali ambapo hata kabati lisingeweza kuficha aibu. Kaka mtu ndiye aliyekadiria, kwa jicho kama kawaida yake, na sasa jicho lenyewe lilikuwa limeikodolea ndoo tupu.

Dada yake, ambaye mafundi wenzao humwita Bibi Vikombe kwa jinsi anavyopenda kupima, alishuka ngazi akaomba achanganye yeye. Miaka yote kaka alimwachia kupiga msasa na kuosha brashi. Kuchanganya rangi, alisema, ni kipaji, na kipaji hakipimwi kwa kikombe. Leo kipaji kilikuwa kimempiga chenga, basi akakubali, ila kwa sharti: ikionekana alama pale rangi mpya inapoungana na ya zamani, dada asiguse tena kopo maishani. Isipoonekana, kuchanganya kutakuwa kazi yake. Hilo la pili alilisema huku anacheka.

Dada alipima kilichobaki kwenye makopo, akajua mchanganyiko wa kwanza ulikula nini: ndoo moja ya nyeupe, nusu kopo ya bluu, theluthi ya kopo ya nyeusi. Ukuta uliobaki ulitaka robo tatu ya hapo. Nyeupe haikuwa na shida, robo tatu ya ndoo. Bluu, robo tatu ya nusu, yaani tatu ya nane. Alipotaja robo kopo ya nyeusi, kaka akamshika mkono.

"Robo tatu ya theluthi iwe robo? Dada, hesabu zimekuruka."

"Theluthi igawe mara nne, kila kipande ni moja ya kumi na mbili. Chukua vitatu. Tatu ya kumi na mbili ni nini kama si robo?"

Kaka akamwachia mkono, akanuna. Dada akakata ukanda wa karatasi wenye urefu wa kopo, akaukunja mara mbili akapata robo, akaukunja tena akapata sehemu nane. Ile theluthi sumbufu, isiyokubali kukunjika vizuri, ilikuwa imejiondokea yenyewe. Alifurahi peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Rangi ilipopanda ukutani ilionekana imepauka. Kaka alijua fika kwamba rangi hukolea ikikauka, lakini aliapa kuwa hii haitafika, akainua kopo la nyeusi aongeze kidogo. Dada akasimama mbele ya ndoo. Hakusogea hata kidogo, mpaka kaka akaliweka kopo chini.

Mama mwenye nyumba alikuja ukuta umeshakauka, akataka kuonyeshwa rangi iliishia wapi. Kaka akawahi, akanyoosha kidole. Akakisogeza kushoto, akakirudisha kulia, akainama, akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Ilikuwa hapahapa," alisema, na hata yeye hakujiamini.

Mama mwenye nyumba akamgeukia dada.

"Hata mimi sipaoni," dada akasema, akaangua kicheko kilichojaa sebule nzima.

Kaka akashusha mkono. Kisha akauliza kwa upole vyumba vya juu vitataka nyeusi kiasi gani.

"Ngoja nipige hesabu," Bibi Vikombe akamwambia, na kaka akangoja.