Kamera ya Jicho la Kushoto

Kila Jumapili saa tatu asubuhi, watu wa Rugenge waliokwenda ufukweni kuoga na kufua walimkuta Sebagenzi amesimama mchangani, ameligeuzia ziwa mgongo, anatazama milima. Walimcheka kidogo. Mtu mzima, kofia kichwani, fimbo ya kuchungia kwapani ingawa mjini hana hata mbuzi, anakuja mpaka kwenye maji ili asiyatazame maji. Lakini ni pale tu ndipo mapaa ya nyumba yalipoacha kumziba. Juu ya mapaa hayo, kwenye bega la mlima, palikuwa na jiwe kubwa jeupe, na juu ya jiwe hilo kila Jumapili mwanawe Mugabo alimwaga chumvi ili ng'ombe waje kulamba na baba yake awaone kutoka chini.

Walikubaliana hivyo siku ile familia iliposhuka kutoka nyanda za juu, risasi zikisikika nyuma ya zizi. Mugabo, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikataa kuacha ng'ombe. Walikuwa kumi na mmoja tu waliobaki, na ndama wao. Simu huko haishiki mtandao, kwa hiyo alimwambia baba yake aangalie jiwe: ng'ombe wakishakusanyika, yeye atapanda juu na kuinua fimbo. Fimbo ikiinuliwa, basi yuko mzima. Mama yake asilie.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Watu wengine hapo ufukweni hawakuona hata jiwe lenyewe, lakini Sebagenzi aliona vidoa, na katika vidoa alitaja majina: yule wa mbele Bihogo, yule anayejitenga Gaju. Kisha aliiona fimbo, nyembamba kama unywele, akarudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

Halafu macho yakamsaliti. Jicho la kulia lilifunikwa na ukungu mweupe, la kushoto likaanza kuyeyusha vitu vya mbali. Jumapili ya Pentekoste alisimama mchangani mpaka shingo ikamuuma, na mlima ukabaki mlima, kitu kimoja cha kijivu kisicho na jiwe wala ng'ombe. Akajiambia ni vumbi la kiangazi. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe Murekatete amekaa mlangoni na goti lake bovu, lile lililomzuia kwenda ufukweni mwenyewe, anamngoja. Akamuuliza kama amemuona mtoto.

Sasa aseme nini? Mfugaji mwana wa mfugaji, aliyewahi kumtambua ng'ombe wake kati ya mia mbili kwa namna anavyotikisa sikio, aseme kwamba haoni mifugo yake mwenyewe? Akaona haya. Akasema amemuona. Na ili uongo usimame vizuri, akaongeza kwamba kijana ameinua fimbo mara mbili.

Uongo wa nyumbani ungeweza kufa nyumbani. Lakini Murekatete si mtu wa kuficha baraka. Siku hiyohiyo, saa ya ushuhuda, alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mwanawe aliyeonekana mlimani, na kanisa zima likapiga makofi. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata tena. Sebagenzi alikaa kwenye benchi la wanaume, naye akapiga makofi pamoja na wengine. Mikono ilimuuma.

Kuna jambo baya zaidi, na heri lisemwe mapema. Ndahiro, kaka wa Murekatete, alikuwa bado anapanda juu na wachuuzi wa maharagwe. Mara tatu alikuja kuuliza kama apitie kwenye zizi amwangalie kijana, ni mwendo wa nusu siku tu kutoka njia yake. Mara tatu Sebagenzi alimwambia asijisumbue, kwa nini apasue miguu wakati yeye anamuona mtoto kila wiki. Kisha mapigano yakarudi, njia ikafungwa, na Ndahiro hakupanda tena.

Hapo ndipo Sebagenzi alipoanza kukosa usingizi. Akauza baiskeli yake na kwenda Nyamianda, kwenye studio ya Fiston, kijana anayepiga picha za pasi na kuuza kamera zilizotumika. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi kuna kamera ndogo, ya kuingia mfukoni, inayovuta kitu cha mbali mpaka kinakuwa karibu.

Fiston alimpangia tatu juu ya meza ya vioo, akamuuliza swali ambalo muuzaji mzuri lazima aulize.

"Papa, ni ya nani? Muntu mwenye kuitumia, macho yake iko namna gani?"

Sebagenzi akasema ni ya mtoto wake. Macho ya mtoto hayana shida.

Basi Fiston akampa iliyomfaa mtoto: nyembamba, inayong'aa, yenye kioo kikubwa mgongoni ambamo unaona kila unachotaka kupiga. Ndani ya studio, kwenye kivuli, Sebagenzi aliishika mbali na uso, mikono imenyooka, akaelekeza barabarani. Akavuta. Kibao cha duka la dawa la ng'ambo kikaja mpaka puani, na herufi zake nyekundu akazisoma zote. Machozi yalitaka kumtoka. Alilipa haraka asije akabadilishiwa mawazo.

Jumapili, mchangani, jua lilipanda kutoka ng'ambo ya ziwa na kumpiga mgongoni. Likakipiga na kile kioo. Alipokitazama aliona kofia, na chini ya kofia uso wa mzee aliyeshtuka. Alikinga kwa kiganja, akageuka upande, akainama. Akavaa miwani ya kusomea aliyoazimwa na jirani, kioo kikatulia kidogo, lakini alipoinua macho mlima ulikuwa umeyeyuka kabisa. Akavua, akavaa, akavua. Kila alipovuta, picha iliruka huku na huko hata asijue ameelekeza wapi. Alibonyeza tu, mara ishirini, akimwomba Mungu aelekeze mwenyewe. Alipozitazama baadaye chini ya ukuta, zilikuwa picha za anga, na moja ya paa la mtu lenye nguo zilizoanikwa.

Murekatete alimuuliza kama amemuona mtoto. Akasema amemuona. Hiyo ilikuwa mara ya sita, na safari hii hakuongeza fimbo, kwa sababu ulimi ulikataa.

Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Fiston. Aliweka kamera juu ya meza na kukaa bila kukaribishwa. Fiston alidhani imeharibika, akaanza kuibonyeza. Sebagenzi akamshika mkono.

"Weye mutoto, wacha. Kamera ni nzima," akasema. "Nilikudanganya. Ni ya minye mwenyewe, na minye siko naona. Jicho ya kuume imekufa. Ya kushoto iko inakufa. Na kule juu niko na mutoto."

Lilikuwa jambo dogo kumwambia muuza kamera, lakini lilimtoka kama jino. Fiston hakucheka. Alimwuliza pole pole, haoni ya mbali ao ya karibu, kwenye jua ao kwenye kivuli, na Sebagenzi akajibu kila kitu kwa ukweli, kama mtu aliye mbele ya daktari. Kisha kijana akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kamera nene, iliyochubuka kona, ambayo mteja kijana asingeitazama mara mbili.

Hii, alimweleza, ina kidirisha cha kuchungulia. Unakibandika jichoni, na jua haliingii. Pembeni yake kuna kigurudumu kidogo: kizungushe taratibu mpaka herufi za ndani zikae sawa, maana kila jicho lina mahali pake, na mahali hapo ukishapapata huhitaji miwani. Tena inatulia ikivuta, mkono wa mzee ukitetemeka yenyewe inavumilia. Kwanza anza kwa mbali, ukiliona jiwe ndipo uvute, usivute ukiwa unatafuta.

Sebagenzi aliibandika kwenye jicho la kushoto, pua ikabanwa kwenye kioo cha nyuma. Akazungusha kigurudumu. Mwanzo palikuwa na ukungu, halafu ukungu mdogo, halafu herufi zikakaa. Alibaki hivyo muda mrefu, amefunikwa nusu ya uso, mpaka mteja mwingine aliyekuja kupiga picha ya pasi akakohoa.

Jumapili ya saba alifika ufukweni kabla ya saa mbili. Upepo wa usiku ulikuwa umefagia vumbi, na mlima ulisimama wazi. Alihofia kwamba kamera haitatulia. Akaegemeza kiwiko kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akabandika jicho, akatafuta jiwe kwanza, kama alivyofundishwa. Akalipata. Akavuta.

Na ng'ombe walikuwapo.

Alitamka neno ambalo si la mtu wa kanisa. Bihogo huyo, pembe zake zilezile, analamba jiwe! Gaju huyo, kando, na kiburi chake. Akawahesabu, akawahesabu tena, kumi na mmoja, hakuna aliyepotea, hakuna aliyechinjwa. Alibonyeza, akabonyeza, akacheka peke yake mpaka wafuaji wakageuka. Wiki sita za moto kifuani zilizimika kwa mara moja. Uongo wake haukuwa uongo, aliwaza. Alikuwa amesema kweli bila kuijua.

Akangoja Mugabo apande juu ya jiwe.

Alingoja jicho likamtoka machozi. Akaliacha lipumzike, akarudi. Jiwe lilikuwa tupu. Labda kijana amekaa kwa nyuma, anajikinga na upepo. Labda anatafuta ng'ombe aliyetangulia, ingawa wote kumi na mmoja wapo. Bihogo alilamba, akainua kichwa, akalamba tena mahali palepale, na hapo Sebagenzi alitambua kwamba ulimi wake haupati kitu. Hakuna chumvi. Anajilambia jiwe kavu kwa mazoea.

Ndipo alipowaona ndama.

Walikuwa katikati ya mama zao, saa tatu asubuhi, mmoja amechomeka kichwa chini ya Gaju ananyonya kwa nafasi. Mtu wa mjini angesema picha nzuri. Lakini mfugaji hawezi kuwaachia ndama watoke na mama zao. Asubuhi unakamua, unawapa kidogo, unawatenga mpaka jioni; usipowatenga, huna maziwa. Ndama wakienda na mama zao, hakuna anayekamua. Na hawa walikuwa wamenona. Kiangazi katikati, majani yamekauka, ndama wanang'aa. Ndama hanoni hivyo kwa siku tatu wala kwa wiki moja. Sebagenzi alijua, bila kutaka kujua, kwamba hawa wamekunywa maziwa yote ya mama zao kwa mwezi, pengine zaidi.

Mwezi mmoja uliopita njia ilikuwa wazi, na Ndahiro alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake, anauliza kama apitie.

Njia ya kurudi aliitembea mara nyingi kuliko urefu wake. Alisimama, akarudi nyuma, akasimama tena. Alipanga kusema hivi, akapanga kusema vile. Mwisho alipata la kusema ambalo lilikuwa kweli tupu, akaingia nalo ndani: ng'ombe wapo wote kumi na mmoja, na safari hii ameleta picha.

Binti yake Uwamahirwe, aliyekuwa amevaa tayari kwenda kuimba kwaya, aliinyakua kamera, akaipeleka penye kivuli na kuikuza picha kama vijana wanavyojua. Alifurahi hata sauti ikapanda. Mama, ona Bihogo. Ona ndama walivyonona, Mugabo anawatunza kweli. Sebagenzi alitazama sakafu.

Murekatete akaomba kamera. Macho yake yeye hayakuwa na shida, hakuna aliyewahi kuyaulizia. Mwanamke huyu alikuwa ametikisa maziwa kwenye kibuyu tangu utoto wake mpaka siku ile walipokimbia. Alitazama picha ya kwanza, akatazama ya pili. Uwamahirwe aliendelea kusema.

"Hizi ndama zinafanya nini na mama zao hii saa?" Murekatete akauliza. "Nani iko anakamua?"

Nje mtu alipita akiuza dagaa. Wakasubiri apite.

"Papa Mugabo. Siku ya Pentekoste uliniambia aliinua fimbo. Uliiona?"

"Hapana."

"Na Jumapili ingine?"

"Hata moja. Macho ilikufa, Mama Mugabo. Niliona haya."

Alingoja amtukane. Alitamani atukanwe, apigwe hata kwa kibuyu. Murekatete aliizima kamera, akaiweka mkekani kwa uangalifu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akamwomba Uwamahirwe ampe viatu. Akajifunga kitenge chake cha ibada, akasimama kwa kushika ukuta.

"Twende kanisani," akasema. "Leo minye sisimami. Utasimama weye. Na Ndahiro akuwe pale, asikie kwa kinywa chako."

Alimfuata hatua tatu nyuma, yeye na fimbo yake, njia nzima. Kanisani Ndahiro alimsogezea nafasi kwenye benchi la wanaume na kumsalimia kwa mkono kama kawaida. Waliimba, wakaomba. Saa ya ushuhuda ilipofika, pasta aligeukia upande wa wanawake na kumtazama Murekatete, akitabasamu tayari, na watu waliokaa karibu naye wakaandaa mikono yao. Murekatete hakuinuka.

Sebagenzi akasimama, akavua kofia. Alianza kwa kuwaambia kwamba haoni.